Sista Priska Mbele ya Wembe

Ukitaka kumwona Sista Priska amekasirika, mpelekee msaada.

Siyo utani. Mwaka juzi walikuja wakubwa wa chama kimoja cha wafanyabiashara wa pale Tunduma. Magari matatu yenye viyoyozi, fulana za rangi moja, bango refu kuliko ukuta wa nyumba ya wazee, na katoni mbili za sabuni ya kipande. Katoni mbili, jamani, na bango la mita sita! Mpiga picha wao akaanza kuwapanga bibi vizee kama mafungu ya nyanya sokoni: aliyenyooka nyuma, aliyepinda mbele, na wewe usiye na meno cheka kidogo, mama, cheka basi. Sista Priska akatoka jikoni na beseni la maji ya vuguvugu, taulo begani, mkasi mkononi. Akalitua beseni miguuni pa mwenyekiti wa chama.

"Nyumba hii haina picha kabla ya kucha," akasema. "Kila mgeni na bibi yake. Osha miguu, kata kucha, kausha katikati ya vidole. Ukimaliza, tabasamu unavyotaka."

Mwenyekiti akacheka, akidhani watawa nao wana mizaha yao. Akaitazama miguu ya bibi aliyekuwa mbele yake, miguu iliyolima milima ya Ileje miaka sitini bila kiatu, kucha ngumu kama pembe. Kicheko kikakauka. Ghafla simu yake ikawa na jambo la haraka mpakani. Dakika kumi hazikupita, magari yote matatu yalikuwa yamegeuza. Alibaki karani wao mmoja, binti aitwaye Brenda, aliyekunja sketi, akapiga magoti na kukata kucha za bibi watatu bila kuziba pua. Huyo ndiye pekee aliyepewa ruhusa ya kupiga picha siku ile, na hakuiomba.

"Wanataka kuonekana na maskini," Sista Priska alisema akimwaga maji. "Kumgusa hawataki."

Ndivyo alivyo. Wanaopenda habari za watawa watamu, wanaoongea kwa kunong'ona na kuinamisha shingo, waende kwingine.

Alizaliwa milimani huko Ileje, akaitwa Gwantwa, binti wa mkulima wa mahindi na kahawa kidogo. Watu humuuliza alisikia sauti gani hata akaingia utawani, na yeye huwaangalia kwa huruma ile anayowapa wapumbavu. Hakusikia sauti yoyote. Alikuwa na shangazi mwenye kifafa aliyelazwa kwenye banda la mbuzi, chakula akisukumiwa kwa mti mrefu asije akawaambukiza wenye akili zao. Siku moja akapita sista mmoja mnene, akaingia bandani, akamwogesha yule shangazi kuanzia utosini hadi nyayoni. Kisha akamfuata baba yake Gwantwa barazani, mbele ya wageni waliokuwa wanakunywa pombe, akamwambia kwamba mbuzi wake wana utu kumzidi yeye. Na baba, mzee aliyeogopwa hadi bonde la pili, akanyamaza! Gwantwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Wengine walitamani ile shela nyeupe. Yeye aliutamani ule mdomo.

Akaupata. Alipoweka nadhiri akachukua jina la Priska, akasomea uuguzi, na tangu hapo ikawa Tunduma, miaka thelathini kasoro kidogo. Aliuguza utingo waliotelekezwa na madereva wao kwenye foleni ya malori wakiharisha damu. Aliwafuata wasichana baa kwa baa na dozi zao za dawa, akiwasukuma wateja kwa kiwiko. Madereva wa Zambia walimwita Bamayo, kama mtu anavyomwita mama anayemheshimu, na walizima redio akipita. Waliomheshimu zaidi ni wale aliowatukana zaidi. Mwishowe akapewa kusimamia nyumba ya wazee nyuma ya parokia, bibi kumi na wanane, na saba kati yao hawakuletwa na umaskini. Waliletwa na lambalamba.

Lambalamba ni wale watu wanaojiita watoa uchawi. Wanaalikwa kijijini, kila kaya inachanga, wanafukua pembe na vibuyu kwenye nyumba walimovizika wenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha wanamtaja mchawi. Na ajabu ya ajabu, mchawi kila mara ni bibi mjane mwenye shamba zuri. Hajawahi kutajwa mzee mwenye wana sita wenye ngumi. Uchawi nao una adabu, unajua pa kuingia!

Wa mwisho kuletwa alikuwa Bibi Tukuswiga, wa kijiji kimoja juu ya Isongole ambacho jina lake liachwe, halistahili wino. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alifika kwa bodaboda, jicho limevimba, kafunga kanga mbili na kushika sufuria moja. Na aliyekusanya michango ya kuwaita lambalamba, nyumba kwa nyumba, kwa daftari, alikuwa Aliko, mwanawe wa kuzaa, mwenyekiti wa kigango. Ndiyo, wa kigango cha Katoliki. Jumapili anasoma somo la kwanza kwa sauti ya kutetemeka, Jumatatu anachangisha wembe wa kumnyoa mama yake.

Mwaka na nusu Bibi Tukuswiga alikaa Tunduma. Alikula, alisali, alichambua maharage pamoja na wenzake. Lakini kila asubuhi alikaa ameipa mgongo ile kelele ya malori, uso kaelekeza kwenye milima, na akiulizwa hali alisema "nipo," basi.

Kisha Aliko akapiga simu. Kijiji kimekubali mama arudi, akasema, sauti imejaa ukarimu kana kwamba ameleta ng'ombe. Lambalamba wanapita tena Jumamosi. Mama aje, anyolewe, achanjwe chale, anywe dawa, aoshwe mbele ya watu, na baada ya hapo hakuna mwenye neno naye. Nyumba yake ipo, shamba lipo.

"Na wewe ukanyolewe nini?" Sista Priska akamjibu. "Ubongo?" Akakata simu.

Kosa lake ni kwamba alikuwa ameweka spika, na Bibi Tukuswiga alikuwa pale pale na ungo wa maharage.

"Nitakwenda," bibi akasema.

"Huendi popote."

"Nitakwenda, Sista. Nyumba ile niliikandika kwa mikono hii. Mume wangu na watoto watatu wamelala nyuma ya migomba. Nikifia hapa mtanizika makaburi ya mji, katikati ya madereva."

"Mama, sikiliza. Ukikaa chini ya ule wembe, umekubali kwamba wewe ni mchawi."

"Nitakuwa nimekubali kwamba nataka nyumba yangu."

"Na hawa wenzako sita? Wewe ukinyolewa, watasema kumbe ni kweli, kumbe wote!"

Bibi Tukuswiga akapepeta maharage, akapuliza makapi. "Wenzangu wana midomo yao," akasema. "Mimi nina siku chache."

Sista Priska alitoka akabamiza mlango. Alikasirika, na tusiseme uongo, alimdharau. Alimdharau bibi wa watu, aliyempokea akiwa na jicho lile, aliyemlisha uji kwa kijiko. Miaka kumi amepigana na ujinga huu, amesimama mimbarini baada ya misa, amegombana na watendaji, na leo mwenye kuonewa mwenyewe anataka kupeleka kichwa chake kwa miguu yake. Watu gani hawa?

Akaenda kwa paroko. Paroko alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umemsaidia sana maishani. Alisikiliza huku akipanga kalamu mezani.

"Sista, mambo haya twende nayo polepole," akasema. "Kigango kile kinapaua mwaka huu. Tukiwaudhi waamini sasa hivi..."

"Kwa hiyo bati kwanza, bibi baadaye?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, Padre. Wewe huwa husemi."

Mpango akaupanga mwenyewe. Atampeleka bibi Jumamosi, sawa, lakini kabla wembe haujatoka mfukoni atasimama mbele ya kijiji kizima na kukisema hadi kione haya. Atamwaibisha Aliko hadi amwombe mama yake msamaha hadharani na kumwingiza nyumbani na nywele zake zote. Alikuwa na hakika. Baba yake mwenyewe si alinyamazishwa kwa mdomo tu?

Jumamosi asubuhi wakapanda gari la misheni, wakakata kona pale Mpemba, wakaifuata barabara ya Isongole. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la misa. Tangu waache lami akaanza kutaja mashamba, hili la fulani, lile la marehemu fulani, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa, ya mtu mwenye mali. Sista Priska aliisikia, na hakutaka kuielewa.

Kijiji kizima kilikuwa uwanja wa mpira. Mtendaji alikuwa amesafiri, kama anavyosafiri kila wanapokuja. Mkuu wa lambalamba alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, miwani ya jua, kofia ya ngozi ya mnyama, simu mbili kiunoni, anatafuna muwa. Wazee wenye mvi wakimwita "Daktari" na kumpisha. Katikati ya uwanja palikuwa na beseni, chupa ya dawa nyeusi, na benchi la kukalia wanaonyolewa. Sista Priska akalitazama lile benchi. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe jina la kigango.

Mungu wangu! Hapo alisahau hata kusalimia.

"Benchi la kanisa!" akapaza sauti, na uwanja mzima ukamgeukia. "Mmekosa hata kigogo cha kukalia, mkachukua benchi mnalopokelea komunyo! Nani hapa hakupokea Jumapili? Anyooshe mkono! Wewe? Wewe? Mnameza Ekaristi na hamjamaliza kuiteremsha, mnakuja kulamba miguu ya huyu mtafuna muwa asiyejua hata kufunga zipu!"

Yule Daktari akajitazama haraka. Ilikuwa wazi kweli. Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya.

"Na wewe Aliko, njoo hapa uonekane. Huyu mama amekuzaa kwa uchungu, amekunyonyesha, ameuza kahawa ukasoma mpaka kidato cha nne. Amemloga nani? Taja! Taja jina la mtu mmoja!"

Aliko alikuwa mtu mzima, suruali ya kitambaa, rozari shingoni. Alitazama chini kwa heshima zote.

"Sista, sisi Mungu tunamwamini," akasema. "Ila uchawi nao upo."

Wakaitikia kwa vichwa, uwanja mzima, kwa upole kabisa. Akawaita vipofu, wakaitikia. Akawaita wauaji, wakaitikia. Akawaambia siku ya hukumu mbuzi wao watasimama upande wa kuume na wao wa kushoto, na mzee mmoja mstari wa mbele akasema, "Kweli kabisa, Sista," akakunja mikono kungojea amalize waendelee na kazi. Alikuwa akimwaga maneno kwenye mchanga. Hasira ikampanda hadi masikio yakawa yanavuma, naye akazidisha sauti, akazidisha matusi, bila kugundua kwamba hakuna tena aliyemtazama. Walikuwa wanatazama nyuma yake.

Bibi Tukuswiga alikuwa amekwenda kukaa kwenye benchi. Amevua kitambaa mwenyewe, amekikunja vizuri, amekiweka mapajani.

"Sista," akaita, "umesema vizuri. Sasa inatosha, mwanangu. Jua linachoma, nami nataka nifike kwangu nifagie kabla ya jioni."

Sista Priska alisimama pale na mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ule mdomo ulikuwa hauna kitu ndani. Alikitazama kile kichwa, mvi nyepesi, kovu la mwaka juzi likionekana kwa juu, kimewekwa tayari kama cha mtoto anayengoja kusukwa. Akamtazama Daktari akifungua wembe. Akaona kwamba bibi atakaa peke yake mbele ya mamia ya watu, na kwamba yeye, na elimu yake na nadhiri zake na hasira yake yote, atakuwa mmoja wa waliosimama wakitazama.

Akaenda akakaa kwenye benchi, ubavu kwa ubavu na bibi. Akavuta pini, akavua shela.

"Anza na mimi," akasema.

Watu wengi pale hawakuwahi kuona kichwa cha sista. Kilikuwa kichwa cha mwanamke wa miaka hamsini na tatu, nywele fupi, zimekatwa vibaya.

"Sista, hapana!" Aliko akasogea mbio. "Wewe huna kesi hapa!"

"Mama yako alikuwa na kesi gani?"

Daktari akamtazama Aliko, akautazama umati, akafanya hesabu zake za kibiashara. Mtu wa namna ile haachi bidhaa impotelee bure. Akamnyoa. Wembe wenyewe ulikuwa butu, ukamkata mahali pawili juu ya sikio. Bibi Tukuswiga alimshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na zamu yake ilipofika Sista akamshika wa kwake. Vile vigelegele ambavyo wanawake hupiga mtu akioshwa, siku hiyo havikupigwa. Dina, mke wa Aliko, alijifunika uso kwa kanga akaondoka uwanjani.

Ungedhani waliona haya. Thubutu! Kabla ya jioni picha ya Sista kanyolewa, iliyopigwa kwa simu pale uwanjani, ilikuwa imefika Vwawa na Mbeya na mpaka Nakonde ng'ambo, na maneno yaliyoandamana nayo yalikuwa haya: lambalamba wetu ni wakali, hata Sista wamemkuta na uchawi. Ndivyo walivyoelewa. Mtu anakaa kwenye kiti cha mwenye kuonewa ili waone wanachokifanya, na wao wanatoka pale wamethibitisha kwamba masista wanaruka na ungo. Bei ya yule Daktari ikapanda. Wiki iliyofuata alialikwa vijiji vitatu.

Mama Mkuu wa shirika akamwita. Alikuwa amechapisha ile picha kwenye karatasi, kubwa, ya rangi.

"Unaona ulichotufanyia?" akauliza.

"Naona, Mama."

"Unajuta?"

Sista Priska akafikiri kwa haki kabisa. "Najuta matusi," akasema. "Siyo yote."

Wakampa uhamisho, kwenda kufundisha ushonaji kwenye shule yao ya wasichana mbali huko, mahali pasipo mpaka, malori wala bibi. Wakampa wiki mbili za kufunga mizigo. Siku moja katika hizo akaomba pikipiki, akapanda milimani kumwona Bibi Tukuswiga.

Alimkuta jikoni kwake, nyumba imekandikwa upya kwa tope, konzi kwa konzi, uwanja umefagiwa hadi kwenye makaburi nyuma ya migomba. Bibi akamtengea ndizi za kuchemsha na maziwa. Wakala. Nje wajukuu walikuwa wanacheza. Bibi akamwita mmoja, akamnyooshea ndizi; mtoto akarudi nyuma hatua mbili, akatazama nyumba ya baba yake, akakimbia.

"Umeona?" Sista Priska akasema, na sauti ilikuwa ya uchungu. "Walikudanganya. Wamekunyoa, wamekunywesha uchafu wao, na bado hawali mkononi mwako!"

"Walinidanganya," bibi akakubali. Akaila ile ndizi mwenyewe. "Lakini leo nimeamka, nimefungua mlango wangu, nimeona migomba yangu. Wewe kunywa maziwa."

Akanywa. Walipoagana walishikana mikono muda mrefu, kwa sababu wote wawili walijua kwamba hawataonana tena.

Alipotoka, Aliko alikuwa amesimama kando ya pikipiki. Amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili. Macho yalikuwa mekundu. Huenda alikuwa amelia, huenda ni moshi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," akasema.

Miaka thelathini Sista Priska hakuwahi kuiacha salamu hiyo bila jibu. Aliwajibu walevi wa foleni, malaya, wezi, askari waliomwomba rushwa, hata mtu mmoja aliyekuwa anakata roho na aliyeisema nusu. Akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja. Akapanda pikipiki, akashika begi.

"Tumsifu Yesu Kristo," Aliko akarudia, na sasa sauti ilikuwa imevunjika.

Sista Priska akamgusa dereva begani waondoke.

"Milele, amina, mwanangu," akaitikia Bibi Tukuswiga kutoka jikoni.

Pikipiki ikateremka. Hiyo ndiyo dhambi ambayo Sista Priska hajaiungama mpaka leo. Anasema ataiungama siku atakapoijutia.